Cheo cha Mfua Panga: Nani Humpima Mhunzi wa Kijapani Leo?



Katika mashindano ya wafua panga yanayofanyika Japani kila mwaka, mafundi wakubwa kuliko wote hawashindani. Kazi zao zimo ukumbini pamoja na za wenzao, watu wanazitazama, lakini hakuna mwamuzi anayezipa nafasi ya kwanza wala ya kumi. Daraja lao huitwa mukansa, maana yake kwamba kazi ya mtu huyu haikaguliwi tena. Hulifikia baada ya kuzoa tuzo kubwa za mashindano hayo mara kadhaa, na tangu mashindano yaanze katika miaka ya 1960, waliolipata ni makumi machache tu.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu ndani yake limo swali ninalotaka tulichambue jioni hii. Upanga ni silaha, na silaha hupimwa kwa kazi yake. Leo hakuna Mjapani anayekwenda vitani na upanga, wala hakuna anayeruhusiwa kutembea nao barabarani. Basi mhunzi anapopandishwa daraja, amepimwa kwa kipimo gani, na nani amempa mpimaji mamlaka hayo?

Zamani jibu lilikuwa jepesi, nalo lilitisha. Mjini Edo, ambao ndio Tokyo ya leo, ukoo wa Yamada ulikuwa na kazi ya kujaribu panga za watawala wa Tokugawa. Mkuu wa ukoo alirithi jina la Asaemon na kazi yenyewe, na panga hizo zilijaribiwa kwenye maiti za wahalifu waliokwisha kukatwa vichwa. Mwaka 1797 kikatoka kitabu kilichowapanga wahunzi katika madaraja manne kufuatana na ukali wa panga zao. Nagasone Kotetsu, mhunzi wa Edo wa karne ya 17, aliwekwa daraja la juu kabisa, na hadi leo jina lake linapotajwa mtu hukumbuka kwanza makali.

Lakini kulikuwa na ukoo mwingine, wa Hon'ami, wenye jicho la namna nyingine. Hawa walikuwa wanoaji na wathamini. Mwaka 1719 mtawala Tokugawa Yoshimune aliwaagiza waandike orodha ya panga mashuhuri za nchi, na katika orodha hiyo hawakuuliza upanga umekata nini. Waliuliza umefuliwa na nani, umepita katika mikono ya nani, na uso wa chuma chake ukoje. Masamune wa Kamakura, aliyefanya kazi mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 14, ni miongoni mwa watatu waliotukuzwa zaidi humo. Kwa hiyo tangu karne ya 18 Japani ilikuwa na mizani mbili, moja ya mkono na moja ya jicho. Katika miaka ya 1930 Fujishiro Yoshio alichapisha kamusi ya wahunzi yenye madaraja matano ya ubora, na hapo mizani ya jicho ilikuwa imeshashinda. Wanunuzi wa panga za kale hulitaja daraja la Fujishiro hadi sasa. Mdogo wake, Matsuo, aliyeiendeleza kazi ya kaka yake, alikuja kutambuliwa na taifa mwaka 1996 kwa usanii wake wa kunoa panga.

Ushindi wa jicho haukuja kwa hiari. Mwaka 1876 serikali mpya ya Meiji ilipiga marufuku raia kuvaa upanga hadharani. Samurai wakavua, na wahunzi waliokuwa wakiishi kwa kuwauzia wakabaki na nyundo mikononi bila kazi. Wengi waligeukia visu vya jikoni, majembe na mikasi. Ukoo wa Gassan ni mfano mzuri wa waliong'ang'ania. Gassan Sadakazu aliendelea kufua Osaka katika miaka ambayo karibu hakuna aliyeagiza, hadi mwaka 1906 alipoteuliwa kuwa msanii wa Ikulu ya Mfalme, pamoja na mhunzi mwenzake Miyamoto Kanenori. Uteuzi ule ulikuwa na maana kubwa kuliko heshima ya watu wawili. Kwa mara ya kwanza mhunzi aliwekwa safu moja na mchoraji na mfinyanzi. Aliitwa msanii.

Kisha ikaja vita, na vita ikawapa wahunzi kazi nyingi na sifa mbaya. Kwenye uwanja wa hekalu la Yasukuni, Tokyo, kiwanda cha uhunzi kilichofunguliwa mwaka 1933 kilifua panga takribani 8,100 kwa ajili ya maofisa wa jeshi. Hizo zilifuliwa kwa njia ya jadi. Nje ya hapo viwanda vilitoa panga za kijeshi kwa wingi mkubwa, nyingi zikiwa za chuma cha kawaida zilizokatwa kwa mashine. Nchi nyingi za Asia zinaukumbuka upanga wa Kijapani kwa damu iliyomwagika miaka ile, na mtu anayeusifu upanga huo bila kulitaja hilo hawatendei haki waliouawa.

Japani iliposhindwa mwaka 1945, jeshi la Marekani liliamuru silaha zote zisalimishwe, panga zikiwamo. Maelfu kwa maelfu zilikusanywa. Zilitupwa baharini, ziliyeyushwa, zilichukuliwa na askari kama kumbukumbu. Miongoni mwa zilizopotea ni Hotarumaru, upanga mrefu wa hekalu la Aso katika kisiwa cha Kyushu, uliokuwa umetangazwa kuwa hazina ya taifa. Kufua upanga mpya kulikatazwa kabisa. Hapa ndipo alipojitokeza Homma Junji, mtaalamu wa panga, akazungumza na Kanali Victor Cadwell wa polisi wa kijeshi wa Marekani. Homma alimwonyesha kwamba ndani ya lundo lile mna vitu vya miaka 700 ambavyo ni sanaa, na Cadwell akakubali. Panga zilizoonekana kuwa na thamani ya sanaa zikatengwa na zile za kiwandani, na maelfu ya zilizohifadhiwa katika ghala la Akabane zikanusurika. Mwaka 1948 Homma na wenzake wakaanzisha Chama cha Kuhifadhi Panga za Sanaa za Kijapani, chama kinachoendesha mashindano niliyoanza nayo.

Ninatamani tulishike hilo vizuri, kwa sababu mfumo mzima wa vyeo vya leo umetoka pale. Upanga uliokolewa kwa hoja moja tu, kwamba ni sanaa. Ruhusa ya kufua iliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilirudi kwa sharti hilohilo. Sheria ya bunduki na panga ya mwaka 1958 inaruhusu raia kumiliki upanga uliofuliwa kwa njia ya jadi na kuandikishwa kuwa kazi ya sanaa. Upanga wa kijeshi wa kiwandani hauandikishiki. Ukipatikana chumbani kwa marehemu babu, huharibiwa. Basi Mjapani anayefua upanga mbovu haharibu jina lake peke yake. Anaidhoofisha hoja inayowaruhusu wahunzi wote wafanye kazi.

Kijana anayetaka kuifanya kazi hii hutafuta kwanza mwalimu mwenye leseni atakayemkubali, na wengi hukataliwa. Akikubaliwa, anakaa uanagenzi kwa muda usiopungua miaka 5, kwa kawaida bila mshahara. Anafagia, anapika, anakata mkaa wa msonobari vipande vya ukubwa sawasawa siku baada ya siku, kwa kuwa moto usio na mkaa uliokatwa vizuri haushikiki. Baadaye anapewa nyundo kubwa na kupiga pale mwalimu anapogonga kwa nyundo ndogo. Mwishowe anakwenda kwenye mafunzo na mtihani wa vitendo wa siku 8 ulio chini ya Idara ya Utamaduni ya serikali. Mbele ya wahunzi wakubwa anafua, kuanzia kwenye donge la chuma. Akifaulu anapata leseni, na leseni hiyo inamruhusu kumaliza panga ndefu 2 kwa mwezi, au fupi 3. Zaidi ya hapo amevunja sheria. Kikomo hicho kimewekwa makusudi ili asiwepo atakayelipua kazi kwa tamaa ya soko.

Kisha ndiyo mashindano. Upanga unapelekwa ukiwa umeshanolewa na mnoaji bingwa na kutengenezewa ala ya mbao nyeupe, gharama ambazo mhunzi huingia kabla hajajua kama kazi yake itatazamwa mara mbili. Tuzo mbili kati ya zile kubwa zina majina ya kisanii ya watu wawili waliouokoa upanga baada ya vita, Kunzan na Kanzan. Wa kwanza ni huyo Homma Junji na wa pili ni Sato Kan'ichi, mwenzake. Juu ya tuzo zote kuna Tuzo ya Masamune, ambayo miaka mingi hupita haijatolewa kwa mtu. Waamuzi wasipoiona kazi inayostahili huiacha palepale. Mimi naona huo ndio ushahidi bora kwamba kipimo hiki ni cha kweli. Tuzo inayotolewa kila mwaka hata iweje hugeuka zawadi ya zamu.

Tuingie sasa ndani ya kiwanda cha uhunzi, maana kinachopimwa na waamuzi kinazaliwa humo, na sehemu yake kubwa huzaliwa kwa sekunde chache.

Mhunzi ameshakifua chuma chake. Amekikunja na kukipiga, akakikunja tena, kama mara 10 hadi 15, mpaka matabaka yamekuwa maelfu na takataka zimerushwa nje kwa cheche. Amekivika chuma kigumu juu ya chuma laini, akakivuta kikawa na umbo la upanga, bado kimenyooka. Sasa anaukoroga udongo mwepesi kama uji, uliochanganywa na unga wa mkaa na unga wa jiwe. Anaupaka kwenye mgongo wa upanga kwa unene, na kwenye makali anaacha utando mwembamba tu. Mpaka kati ya unene na wembamba anauchora kwa kijiti, kwa mawimbi au kwa mstari mtulivu, kadiri ya jadi anayoifuata. Udongo ukikauka, anasubiri usiku au anafunga madirisha yote. Giza linatakiwa, kwa sababu joto la chuma analisoma kwa rangi yake, na mwanga wa mchana hudanganya.

Anausogeza upanga ndani ya mkaa unaowaka, mbele na nyuma, huku mkono wa kushoto ukivuta na kusukuma mvukuto. Unapofika nyuzi kati ya 750 na 800 hivi, kwa jicho lake na si kwa kipimajoto, anauchomoa na kuuchovya wote majini kwa mara moja. Makali yenye udongo mwembamba yanapoa ghafla na kuwa magumu mno. Mgongo uliofunikwa unapoa polepole, ukabaki na ustahimilivu wake. Kwa kuwa sehemu mbili za chuma kimoja zimetanuka tofauti, upanga unapinda wenyewe ndani ya maji. Ule mpindo mzuri wa kitara cha Kijapani unapatikana hapo. Au upanga unapasuka. Sauti ya kupasuka hujulikana na kila mhunzi, na ikishasikika kazi ya wiki kadhaa imekwisha.

Mstari uliobaki kati ya ugumu na ulaini, ambao Wajapani huuita hamoni, ndipo jicho la mthamini linapokwenda kwanza. Utauona ukiinua upanga kuelekea taa moja na kuugeuza taratibu, mwanga ukikimbia juu ya makali. Palipo na punje za chuma kigumu, zinameta mojamoja, au panakuwa na weupe laini usiohesabika. Kando yake kwenye ubavu wa upanga kuna nyuzinyuzi za kukunja, kama za mbao. Ukoo wa Gassan unajulikana kwa nyuzi zinazojipinda kwa mpango wa mawimbi, kazi ambayo mtu anayeifahamu haulizi upanga ni wa nani. Sahihi ya mhunzi imechongwa kwenye mkia wa upanga, sehemu inayofichwa ndani ya mpini, na mkia huo haunolewi kamwe. Kutu yake inaachwa iwe shahidi wa umri.

Katika panga za enzi ya Kamakura kutoka Bizen, nchi ambayo leo iko katika mkoa wa Okayama, kuna kitu kingine juu ya hamoni: kivuli kinachofanana na ukungu, kinachofuata mawimbi ya mstari kwa mbali. Wahunzi wa kizazi baada ya kizazi walijaribu kukirudisha kivuli hicho sawasawa na kilivyokuwa miaka 700 iliyopita na kushindwa. Kawachi Kunihira, mhunzi wa mkoa wa Nara aliyezaliwa mwaka 1941, alikuwa tayari mukansa. Hakuwa na haja ya kushindana na mtu. Akaendelea kukitafuta, na mwaka 2014, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, akapewa Tuzo ya Masamune, ambayo hata mukansa huweza kupewa, kwa upanga ulioonyesha kivuli hicho. Hiyo ndiyo maana ya kuondolewa kwenye ukaguzi. Mtu ameachwa huru na ushindani wa wenzake ili ashindane na wafu.

Mtaniuliza: na serikali je, ina cheo chake? Inacho, na ndicho cha juu kuliko vyote. Ni kile watu wa Japani hukiita Hazina Hai ya Taifa, yaani mtu anayetambuliwa kuwa mshika ujuzi muhimu usioshikika kwa mkono. Wa kwanza kati ya wafua panga alikuwa Takahashi Sadatsugu, mwaka 1955. Akafuata Miyairi Akihira mwaka 1963, Gassan Sadaichi mwaka 1971, Sumitani Masamine mwaka 1981, kisha wawili kwa mpigo mwaka 1997, Amata Akitsugu na Osumi Toshihira. Watu sita kwa zaidi ya nusu karne.

Tazameni nasaba iliyomo katika majina haya. Takahashi alifunzwa katika nyumba ya Gassan. Osumi alikuwa mwanafunzi wa Miyairi. Kawachi naye alianzia kwa Miyairi, kisha akaenda kwa Sumitani kujifunza jadi ya Bizen, ile iliyompa tuzo ya mwaka 2014. Miyairi na Amata wote walipitia shule ya uhunzi ya Kurihara Hikosaburo mjini Tokyo kabla ya vita. Ukiuchora mti huu utaona kwamba vyeo vyote vya juu vimetoka katika nyumba chache mno, na kila nyumba ilikuwa na mwalimu aliyekubali kula pamoja na wanagenzi wake kwa miaka. Wanaosema vyeo vinajenga ufundi wamegeuza mambo. Ufundi ulijengwa katika nyumba hizo, na cheo kilikuja baadaye kuutambua.

Hata hao wote wangekwama bila chuma. Feleji ya upanga wa Kijapani, tamahagane, haichimbwi ikiwa tayari. Hutokana na mchanga wa chuma unaoyeyushwa kwa mkaa katika tanuri la udongo liitwalo tatara. Matanuri ya kale yalizimika katika miaka ya 1920 yaliposhindwa na chuma cha bei nafuu, na lile lililowashwa kwa ajili ya panga za Yasukuni lilizimwa mwaka 1945. Kwa miaka 30 baada ya vita wahunzi waliishi kwa akiba, na akiba ikaanza kwisha. Mwaka 1977 chama kile cha Homma, kikishirikiana na kampuni ya Hitachi Metals, kikaliwasha upya tanuri huko Yokota, Okuizumo, katika mkoa wa Shimane. Bahati ilikuwa kwamba wazee wawili waliowahi kuliongoza tanuri, Abe Yoshizo na Kumura Kanji, walikuwa hai. Kihara Akira, aliyefunzwa nao, akaja kuwa kiongozi wa tanuri baada yao.

Kazi hufanywa katika baridi kali, mwezi wa Januari na Februari. Moto ukiwashwa hauzimwi kwa siku tatu, usiku na mchana. Tani 10 hivi za mchanga na tani 12 hivi za mkaa zinaingia kidogokidogo, na kiongozi anasoma rangi ya ndimi za moto kujua tumbo la tanuri lina nini. Mwisho kuta za udongo, zilizoliwa na moto hadi kubaki nyembamba, zinavunjwa, na bonge la tani 2 na nusu hivi linavutwa nje likiwa jekundu. Chini ya tani moja ya bonge hilo ndiyo inayofaa upanga. Chama huisambaza kwa wahunzi wenye leseni nchi nzima.

Hapa nitawakumbusha jambo la kwetu. Katika miaka hiyohiyo ya 1970, huko Kagera, Tanzania, wazee wa Kihaya walijenga upya tanuri la kuyeyushia chuma kwa ombi la mtafiti Peter Schmidt, kazi ambayo walikuwa wameiacha tangu ujana wao. Majaribio ya kwanza yalishindikana, kisha chuma kikatoka, na matokeo yakachapishwa mwaka 1978 yakawashangaza wanasayansi kwa jinsi hewa ilivyopashwa joto kabla ya kufika motoni. Ujuzi wa wazee wale ulikuwa wa kiwango cha juu. Ila baada ya utafiti hakukuwa na chama cha kununua chuma chao, wala sheria ya kumlinda mwanafunzi wao, wala ukumbi wa kuonyesha kazi. Okuizumo walikuwa na vyote hivyo, na moto wao unaendelea kuwashwa.

Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini. Ngazi niliyoieleza ina nyufa. Osumi alifariki mwaka 2009 na Amata mwaka 2013, na kwa zaidi ya miaka 10 iliyofuata hakuna mfua panga aliyeteuliwa kukaa kwenye nafasi yao, ingawa upande wa wanoaji Hon'ami Koshu aliteuliwa mwaka 2014. Wapo wanaoliona hilo kuwa janga. Mimi silioni hivyo. Kiti kitupu ni bora kuliko kiti kilichojazwa kwa huruma, na mafundi wa kiwango cha Kawachi na Gassan Sadatoshi hawakungoja cheo cha serikali ili wafanye kazi zao.

Ufa mkubwa uko chini ya ngazi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wahunzi walioandikishwa na chama chao walikuwa kama 300. Sasa hawafiki 200, na wengi wana umri mkubwa. Mvuto wa panga haujapungua hata kidogo. Mchezo wa kompyuta uitwao Touken Ranbu, uliotoka mwaka 2015 na kuzigeuza panga mashuhuri kuwa vijana watanashati, umewajaza wasichana kwenye makumbusho ambayo zamani yalikuwa ya wazee wa kiume. Mwaka huohuo mchango wa umma ulianzishwa ili Hotarumaru ifuliwe upya, na fedha zikapatikana mara nyingi zaidi ya zilizoombwa. Upanga mpya ukakabidhiwa hekaluni Aso mwaka 2017. Mwaka 2020 mji wa Setouchi, Okayama, uliununua upanga wa kale uitwao Sanchomo kwa yen milioni 500 zilizochangwa na watu. Kwa hiyo mapenzi yapo na fedha zipo. Ila nyingi zinamwendea mhunzi aliyekufa karne 7 zilizopita, na aliye hai anayefanya kazi katika kijiji cha Nagano au Gifu anafua visu vya jikoni ili alipe umeme.

Ndiyo maana nikiulizwa nani wa kutazamwa ili kujua hali ya upanga wa Kijapani, simtaji mukansa. Namtaja kijana wa mwaka wa pili anayekata mkaa nyuma ya nyumba ya mwalimu wake. Huyo anaishi kwa akiba yake au kwa mgongo wa wazazi, na akishindwa kuvumilia mwaka wa tatu, hakuna orodha ya tuzo itakayoonyesha kilichopotea. Zamani mwalimu aliyekuwa na wateja wengi aliweza kuwalisha wanagenzi watatu au wanne. Mwalimu wa leo anayeruhusiwa panga 2 kwa mwezi, na pengine ana mteja wa upanga mmoja tu, hamudu hata mmoja.

Serikali ya Japani humpa kila Hazina Hai ya Taifa yen milioni 2 kwa mwaka ili aendeleze ujuzi wake na kuwafunza wengine. Ni fedha halali na ziendelee kutolewa. Kwa kuwa miaka imepita bila mfua panga wa kuzipokea, rai yangu kwa Idara ya Utamaduni ni kwamba kiasi kama hicho kitengwe kila mwaka kwa ajili ya wanagenzi walioko katika ile miaka yao 5, wapewe posho ya chakula na pango hadi siku ya mtihani. Na kwenu mnaosafiri: mkifika Tokyo, nendeni Ryogoku, kwenye Makumbusho ya Upanga yaliyofunguliwa hapo mwaka 2018. Mkimaliza kutazama za Kamakura, ulizeni zilipo kazi za wahunzi walio hai.